Mafuta ya Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na mbili nilitengeneza magitaa, na kwa miaka hiyo yote niliyamalizia kwa vanishi ya kupuliza. Nyuma ya karakana yangu kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Ndani yake nilikuwa na bomba la kupulizia, ndoano tatu darini za kuning'inizia magitaa, na harufu ya thina ambayo haikuwahi kutoka kabisa, hata niliposafiri wiki mbili nikarudi. Gitaa liliingia mle likiwa mbao, likatoka likiwa kioo. Wateja walijitazama humo wakatengeneza nywele. Nami nilivimba kichwa, maana niliamini fundi hujulikana kwa mng'ao wa kazi yake.

Barakoa nilikuwa nayo. Ilikaa msumarini, safi kabisa.

Kikohozi kilianza kama kikohozi cha mtu yeyote. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hushonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, alinipa tangawizi na asali. Tangawizi iliposhindwa akanipa maneno. Maneno yaliposhindwa, asubuhi moja alifunika cherehani yake, akanishika mkono na kunipeleka hospitali kama anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri kuliko binti yetu. Aliweka kile kifaa chake cha kusikilizia mgongoni mwangu akasema, "Vuta pumzi, baba."

Nikavuta.

"Vuta."

"Nimeshavuta," nikasema.

Akakisogeza kifaa upande wa pili. "Hiyo ndiyo yote?"

Alipomaliza kuniuliza habari za kazi yangu, hakunikaripia. Aliandika alichoandika, akaweka kalamu chini. "Hicho chumba na mapafu yako haviwezi kuishi pamoja tena. Ukiendelea kupuliza, mwaka ujao hutaweza kupanda ngazi za hapa nje. Dawa nitakupa, lakini dawa haishindani na kazi ya kila siku."

Nilirudi nyumbani nikafunga chumba kile kwa kufuli. Kisha nikakaa kwenye kigoda mbele ya meza yangu ya kazi, nikaitazama kazi niliyokuwa nimeianza.

Lilikuwa gitaa la mwalimu mmoja wa shule ya watoto viziwi. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekuja karakana akaniagiza gitaa, nami, kwa ujinga wangu, nikamwuliza viziwi watafanya nini na gitaa. Hakuchukia. Alichukua gitaa moja lililokuwa ukutani, akaniwekea mgongo wa gitaa hilo kifuani, akapiga uzi mnene. Nikausikia ukitembea mbavuni mwangu hadi kwenye meno.

"Watoto wangu wanasikiliza hivyo," akasema. "Kwa viganja, kwa vifua. Lakini haya magitaa yenye vanishi nzito ni ya baridi, yanateleza kama sahani. Yakikwaruzwa kidogo tu, yanakuwa na makovu. Nataka gitaa la kushikwa na mikono ishirini kila siku."

Nilimwambia nitaona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga kumpulizia vanishi ileile kama wengine wote. Sasa gitaa lilikuwa limekamilika kila kitu, uso wa msonobari mweupe, mbavu na mgongo wa mkangazi, shingo imenyooka kama uzi wa timazi. Lilikuwa limebaki kuvikwa tu. Na mimi nguo niliyoijua nilikuwa nimeifungia kwa kufuli.

Nilikaa pale siku sita. Nilinoa patasi zilizokuwa kali tayari. Nilipanga misumari kwa urefu. Mke wangu alipita mlangoni akatazama, akapita.

Hapa lazima nimwelezee mama mkwe wangu. Tulikuwa tumeishi naye miaka minne, tangu baba mkwe alipofariki. Chumba chake kilifungukia uani, na kila siku, mvua isiponyesha, alikaa hapo juu ya gogo lake akichonga miiko ya kupikia, mbao za kukatia vitunguu na mabakuli. Majirani walimwita Bibi Miiko. Sasa, kwenye lugha yetu mwiko ni kijiko cha kupikia, na mwiko ni jambo lisiloguswa, na kati yangu na mama mkwe kulikuwa na miiko ya aina zote mbili. Tulistahiana kupita kiasi. "Umeamkaje, mama?" "Salama, mwanangu." Baada ya hapo hatukuwa na neno jingine hadi kesho yake. Nikiingia sebuleni, yeye alikumbuka kitu uani. Akija uani, mimi nilikumbuka kitu karakana. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nyumba yetu ina mlango mmoja wa kuingilia na sita ya kukimbiana.

Na nitakiri jambo jingine. Kazi yake sikuihesabu kuwa kazi. Tulikuwa watu wawili wa mbao chini ya paa moja, lakini mimi nilikuwa fundi, na yeye alikuwa mama anayechonga miiko.

Siku ya saba alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa karakana. Hakuwahi kufanya hivyo. Nilisimama upesi hata nikaangusha kigoda.

"Kaa," akasema. Akaniwekea mwiko mezani. "Shika."

Nikaushika. Ulikuwa mwiko wa zamani, rangi ya asali iliyokaa sana, na haukuwa na mng'ao wowote wa kunikamata jicho. Lakini mkononi ulikuwa na uhai wa ajabu. Haukuwa na ubaridi wala kuteleza. Kidole gumba kilikwenda chenyewe juu ya mpini wake, kikarudi, kikaenda tena.

"Una miaka mingapi huu?"

"Nilimchongea huyo mkeo alipozaliwa, nimkorogee uji. Kila mwaka naupaka mafuta."

Nilielewa alikokuwa akielekea, na kiburi kikanijibia kabla yangu. "Mama, lakini hili ni gitaa."

"Naona," akasema. "Lina tundu. Mwiko hauna."

Akageuka akaenda zake. Aliacha mezani chupa ndogo ya mafuta ya mbegu za kitani na furushi la vitambaa vya pamba, mabaki ya nguo alizoshona binti yake.

Sikumngoja anielekeze, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilichukua gitaa moja bovu la mazoezi, nikalikwangua, nikalimiminia mafuta kama mtu anayekaanga. Nilisema moyoni, kama kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Siku ya tatu lilikuwa bado linanata. Siku ya tano nzi wawili walikuwa wameganda juu yake, pamoja na uzi mwekundu wa mke wangu na, sijui kwa vipi, unyoya wa kuku.

Mama mkwe alilizunguka gitaa lile kama anayezunguka ajali barabarani.

"Ulipokuwa unawapaka watoto wako mafuta baada ya kuoga," akaniuliza, "ulikuwa unawamwagia kopo zima?"

"Hapana, mama."

"Basi mbao nayo ni mtoto. Sogea."

Akakaa kwenye kigoda changu. Alikunja kitambaa mpaka kikawa kama yai, akakidondoshea mafuta kiasi cha punje ya harage, akaanza kusugua kipande cha mkangazi kwa miduara midogo. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kitu ambacho, aibu yangu, watoto wangu walikuwa wakikijua na mimi nilikijua, lakini sikuwahi kukaa nikautazama mkono huo ukifanya kazi. Alipomaliza akaniambia tungoje robo saa. Tukangoja. Kisha akachukua kitambaa kikavu akaanza kuyafuta mafuta yote aliyoyapaka.

"Sasa si umeyatoa?" nikasema.

"Nimeyatoa yaliyokataliwa. Yaliyotakiwa yameshaingia."

Nikauinamia ubao ule. Mistari ya mkangazi, ambayo kabla ya hapo ilikuwa kama maandishi yaliyofutwa nusu, ilikuwa imeamka yote. Nyekundu, kahawia, na katikati yake rangi nyingine ambayo sina jina lake. Chini ya vanishi nilikuwa nikiiona mbao kama mtu anayeona jirani kupitia dirishani. Sasa jirani alikuwa amefungua mlango.

Alinifundisha hesabu yake, aliyofundishwa na mama yake: kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo mara moja kila mwaka maadamu mtu yu hai. Alinifundisha kupitisha msasa laini kati ya mpako mmoja na mwingine, kuifuata mbao inakolala, kusikiliza kitambaa, maana kitambaa kikiwa na mafuta mengi hukaa kimya na yakiisha huanza kulia. Na kila tulipomaliza, alikuwa akisema jambo moja: "Vitambaa vitundike kambani. Kimoja kimoja, kama nepi. Usivirundike."

Nilivitundika. Nilidhani ni usafi wa wanawake wa zamani.

Kwa hiyo kila asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa nne, gitaa la mwalimu lilikuwa mezani na sisi wawili tulikuwa pande zake mbili, yeye kwenye mbavu na mimi kwenye uso. Mwanzoni tulizungumza habari za mafuta tu. Baadaye nikajua kwamba alikuwa na ndugu mpiga ngoma, kwamba hapendi kitunguu kibichi, na kwamba siku nilipokuja kuposa nilimwaga chai kwenye kiatu cha marehemu mumewe, naye akakaa na kiatu kilicholowa hadi tulipoondoka ili nisione haya. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikagundua kwamba nimekohoa mara moja tu, kikohozi kikaisha.

Kosa la pili lilitokea siku ya sita ya kazi hiyo.

Mama mkwe alikuwa amebanwa na oda ya mabakuli, nami nikafanya kazi peke yangu. Nilitumia vitambaa vingi, kumi na tatu au kumi na vinne. Nilipomaliza nilikuwa na haraka ya kwenda mjini kununua nyuzi kabla duka halijafungwa kwa chakula cha mchana. Nikavikusanya vitambaa vyote nikavisokomeza kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza. Nilijiambia nitavitundika nikirudi. Gitaa nikaliacha juu ya meza hiyohiyo, ubavu wake ukingoni.

Niliporudi, nilikuta moshi ukitoka karakana na watu wawili uani. Mke wangu alikuwa ameshika ndoo tupu, nguo imelowa hadi magotini. Mama yake alikuwa amekaa kwenye gogo lake, mkono wa kushoto umezungushiwa khanga iliyolowekwa maji. Chini ya ukuta kulikuwa na kitu cheusi kilichoyeyuka, kilichokuwa ndoo yangu, kimefukiwa mchanga.

Nikaugusa mchanga ule kwa kiatu, ulikuwa bado wa moto.

"Mama alisikia harufu," mke wangu akasema. "Mimi nilikuwa na cherehani, sikusikia kitu. Nilipotoka nilimkuta anaivuta ndoo kwa reki, inawaka."

"Na gitaa?" Neno hilo lilinitoka kabla sijauliza habari za mkono, na nitalijutia mpaka naingia kaburini.

Lakini mama mkwe alijibu kwa upole kama nimemwuliza saa. "Nilitoa moto kwanza. Gitaa haliwezi kuchoma nyumba. Liko kitandani kwangu. Limeungua kidogo ubavuni."

Nikapiga magoti mbele yake. Kifua kilikuwa kimebana.

"Kaa chini vizuri," akasema. "Unapumua vibaya. Vuta taratibu."

Nikavuta taratibu, hadi kifua kikafunguka.

"Moto ulitoka wapi?" nikauliza. "Sikuacha kiberiti. Sikuacha jiko."

"Haya mafuta yakikauka yanatoa joto lake yenyewe. Ukitundika kitambaa, joto linakwenda na upepo. Ukivirundika, linakosa pa kwenda, linajilimbikiza humo ndani mpaka linawaka. Banda la mama yangu liliungua hivyo nikiwa msichana." Akautazama mkono wake. "Sikukuambia sababu. Nilikuambia ufanye tu, kama mtoto. Kosa hilo ni langu."

"Hapana mama, kosa ni langu."

"Basi tugawane," akasema. "Lakini lako liwe kubwa."

Mke wangu alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Tulimpeleka mama yake hospitali, wakamsafisha, wakamfunga bandeji. Ngozi iliungua juujuu tu, wakasema, wiki mbili itakuwa imepona. Nilikaa naye kwenye benchi muda wote huo, na safari hiyo hakuna kati yetu aliyekumbuka kitu mahali pengine.

Kesho yake nililitoa gitaa kitandani kwake. Ubavuni kulikuwa na doa jeusi ukubwa wa kiganja. Nikaligusa nikajua jambo moja: lingekuwa gitaa la vanishi, habari yake ingekwisha hapo. Vanishi ikiungua sehemu moja hutoa mapovu na kupasuka, na ukiibandika kiraka huonekana toka mlangoni. Ningelazimika kulivua lote na kuanza upya, nami chumba cha kupulizia sikuwa nacho tena.

Mafuta hayana kiburi hicho. Nilikwangua doa taratibu, nikapitisha msasa, nikafika kwenye mbao nzima. Mama mkwe alikaa kando na mkono wake mmoja akiniongoza. "Panua mduara. Usiishie kwenye kidonda, ingia hadi kwenye ngozi nzima." Nikapaka mafuta, nikangoja, nikafuta. Siku iliyofuata nikapaka tena. Siku ya nne sehemu mpya ilikuwa imeshashikana na ya zamani, na kama ungepitisha kidole umefumba macho usingejua ulipovuka. Palibaki kivuli kidogo mahali moto ulipoingia ndani zaidi. Nilitaka kukikwangua zaidi, yeye akakataa. Alisema nitautoboa ubavu kwa ajili ya sifa.

Siku ya kulipeleka gitaa, mke wangu alifunika cherehani yake, akavaa viatu vizuri, tukaenda wote watatu. Shule ilikuwa na korido ndefu na madarasa yenye madirisha makubwa. Watoto kumi na wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa duara, mikono yao ikizungumza kwa kasi ambayo macho yangu hayakuiweza.

Mwalimu alilipokea gitaa. Hakulitazama kwanza, alilipapasa. Mkono wake ulipofika ubavuni, alikiona kile kivuli.

"Hapa?"

"Palipata moto kwa uzembe wangu," nikasema. "Nimepatengeneza. Ukitaka nitengeneze jingine, nitatengeneza."

Akapasugua kwa kidole gumba. "Nipe sababu ya kulikataa," akasema, akakaa.

Alimwita msichana mdogo mwenye misuko miwili. Msichana aliweka viganja vyote mgongoni mwa gitaa, kisha, bila kuambiwa, akalaza shavu. Mwalimu akapiga uzi mnene. Msichana hakusogea. Akapiga tena. Msichana akainua uso, macho yamemtoka, akafanya ishara upesiupesi, na darasa zima likaanza kuinuka vitini.

"Anasema kuna nyuki humo ndani," mwalimu akatutafsiria. "Anauliza kama anauma."

Basi wakapanga foleni ya kumtafuta nyuki. Wengine waliweka viganja, wengine vifua, mmoja aliomba kuweka unyayo na akakubaliwa. Mvulana mmoja alichungulia kwenye tundu kwa muda mrefu akarudi kukaa akiwa amenuna, kwa kuwa hakuona kitu. Mkangazi ulikuwa ukipata joto la mikono yao na kubaki nalo. Hakuna aliyerudisha kiganja kwa ubaridi.

Mwalimu aliponiuliza gitaa litunzwe vipi, nikamwonyesha mama mkwe. "Mwulize huyu. Mimi ni mwanafunzi wake."

Alisita. Kisha akasimama katikati ya duara na bandeji yake, akatoa kitambaa mfukoni, akaonyesha kwa mikono: yai, punje ya harage, miduara, kungoja, kufuta. Hakuhitaji mkalimani. Watoto walimwelewa haraka kuliko nilivyomwelewa mimi, na alipoonyesha vitambaa vinavyotundikwa kimoja kimoja, kisha akaonyesha moto kwa vidole vyake, wote kumi na wanane walirudi nyuma pamoja.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na yeye. Mke wangu alikuwa bado ndani, watoto wamemng'ang'ania naye asikilize nyuki.

"Mama," nikasema, "sijawahi kukushukuru."

"Kwa mafuta?"

"Kwa mafuta. Kwa mkono huo. Kwa kuja mlangoni siku ile, nami nikakujibu vile. Nilikuwa nimekwisha. Nilikaa pale napanga misumari, na nilikuwa nafikiria niuze vifaa vyangu. Sasa naamka nikijua nina kazi, na pumzi ya kuifanyia. Asante, mama."

 Alikuwa akikunja kitambaa chake juu ya goti, mara nne, mara nane.

"Mume wangu alipokufa," akasema, "watoto wangu walikaa kikao nitaishi wapi. Walizungumza sana, na maneno mazuri. Wewe hukuja kwenye kikao. Nilipofika kwako nikakuta umetoboa dirisha jipya kwenye kile chumba, upande wa kulia wa ninapokaa kuchonga mvua ikinyesha. Nikajua umeliweka hapo ili kivuli cha mkono wangu kisinizibie kazi. Mtu wa mkono wa kulia halifikirii jambo hilo. Hukunitajia hata siku moja, na mimi sikusema asante, kwa sababu tulikuwa tunakimbiana." Akakiweka kitambaa mfukoni. "Nilikuwa na deni la neno hilo kwa miaka minne. Asante, mwanangu."

Nilitazama mlango wa darasa, maana macho yalikuwa yamejaa. Dirisha lile nilikuwa nimelisahau kabisa.

Mke wangu akatoka, nywele zimevurugika, anatabasamu peke yake. Akatukuta tumekaa benchi moja, bega kwa bega, akasimama.

"Mbona hivi? Mmegombana?"

"Tulikuwa tunaongea," mama yake akasema.

"Nyinyi?" Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama ambaye ameambiwa kuku wameanza kusoma gazeti. "Mlikuwa mnaongea nini?"

"Habari za mafuta," nikasema, na mama mkwe akacheka mpaka ikabidi aushike mkono wake wenye bandeji.